Kabureta Niliyoipeleka Mjini

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka mikono yangu hutafuta kitu cha kushika. Nilikuwa nimeinama ndani ya boneti ya landrova ya Babu Yona kule Haneti, jua la Agosti likinichoma mgongo. Nikafungua kabureta, nikaifunga ndani ya fulana yangu ya zamani, nikaitia kwenye begi. Babu alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na gurudumu la mbele, fimbo yake mapajani.

"Sasa hiyo unaipeleka wapi?" akaniuliza.

"Mjini, Babu. Siku nne tu."

Nakuandikia haya ukiwa na miezi minne. Najua nasaha ni kazi ya wazee, na mimi nina miaka thelathini na moja, ndevu zangu bado zinahesabika. Nimeuandika ukurasa huu wa kwanza mara sita na kuuchana mara tano, na huu wa sita nimeuacha makusudi na kasoro zake. Mzee aliyestahili kukuambia maneno haya amelala kaburini tangu mwaka jana. Nikisubiri nizeeke ndipo nikuambie, nitakuwa nimerudia kosa lilelile ninalotaka kulisimulia.

Babu Yona alikuwa dereva ujanani mwake. Aliendesha landrova hiyo kwenye shamba la mifugo, na ilipochakaa wenyewe wakaiuza, yeye akainunua. Kabla haijawa yake aliwahi kuomba ruhusa kwa mkubwa wake, akampakia humo dada yake wa pekee, Matilda, aliyekuwa anaolewa mbali, ng'ambo ya Kongwa. Babu alikuwa akisimulia kwamba binti yule alilia kutoka Haneti mpaka njia panda ya Kongwa bila kupumzika. Ili anyamaze, Babu akamwambia: "Nyamaza. Mimi ndiye ninayekupeleka, na mimi ndiye nitakayekurudisha, kwa gari hilihili."

Ahadi ya kumnyamazisha mtu, mwanangu, nayo ni ahadi.

Miaka ikapita. Bibi Matilda alikuja nyumbani mara kadhaa kwa mabasi, kwa misiba na harusi. Kisha miguu ikakataa, na mgongo nao ukakataa. Hakuweza tena kukaa kwenye kiti cha basi. Mwaka ule akatuma ujumbe kwa kaka yake: anataka kulala nyumbani walau siku chache, ayaone makaburi ya wazazi wao, anywe maji ya kisima alichochimba baba yao. Maji yenyewe yana chumvi, mgeni huyatema. Lakini yeye alisema maji ya Kongwa hayajawahi kumkata kiu.

Babu alikwishapanga kila kitu. Godoro litatandikwa nyuma ya landrova, Bibi atalala, mwendo utakuwa wa pole. Kulikuwa na sharti moja tu: mvua. Njia ya kufika kwa Bibi hukatisha korongo pana la mchanga. Kiangazi gari lenye nguvu za kuvuta hupita. Mvua zikianza, korongo hufunga mpaka masika yaishe. Kwa hiyo nilipofika Haneti Agosti ile, na nikaamkia, "Shikamoo Babu," hata hakumaliza marahaba yake vizuri.

"Mjukuu wangu, wewe unajua mitambo. Hili gari linakohoa na linatoa moshi mweusi. Lisafishe tu koo, twende Kongwa kabla ya mvua."

Lisafishe tu koo. Ndivyo alivyosema, na ningefanya hivyo, hadithi ingeishia hapo.

Nikuambie nilivyokuwa. Sikusoma ufundi darasani. Nilijifundisha kutengeneza simu kwa kutazama video na kuharibu simu zangu mwenyewe, hadi nikafungua kibanda mjini, Ipagala. Aliyejifundisha mwenyewe huishi na hofu moja: kwamba siku moja atakuja mtu mwenye cheti na kusema, "Huyu hajui." Kwa hofu hiyo nilikuwa sikubali kitu kiwe kizuri tu, nilitaka kiwe bila doa. Nilikuwa nikifungua simu niliyokwisha kuifunga, kwa sababu skrubu moja ilikaa upande. Watu waliniita makini, nami nilifurahi kuitwa hivyo. Kumbe nilikuwa mwoga.

Nilipoishika kabureta ile niliuona ugonjwa wake mara moja. Ule mhimili unaofungua na kufunga njia ya hewa ulikuwa umekula tundu lake, ukichezacheza kama jino la mtoto. Hewa ilipenya pale, na fundi wa kijijini, ili injini isizime, alikuwa ameongeza petroli kwa kukisia. Fundi huyo alikuwa akiisafisha kwa petroli na mswaki wa zamani. Nilimcheka mbele ya watu. Nikamwambia Babu kwamba hii haifai tena, nitamchagulia nyingine inayofaa.

"Chagua," akasema. "Lakini wakati unachagua, hii niachie. Mbovu inayokwenda si sawa na nzima isiyokuwepo."

"Ukiendesha hivi utaua injini, Babu. Niamini."

Akaniamini, mwanangu. Mpaka leo hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Siku ya pili Ipagala niliitenganisha kabureta yote juu ya meza yangu ya simu, nikapanga vipande kwenye trei kwa mstari, nikavipiga picha. Ndani ya kabureta ile kuna gololi ndogo, haizidi punje ya mtama. Kazi yake ni kuzuia petroli isirudi nyuma pale dereva anapokanyaga mafuta ghafla. Nilipoigeuza ile bodi kuipuliza, gololi ikadondoka, ikagonga meza mara moja, ikatoka mlangoni kwenye mchanga.

Niliitafuta mchana kutwa. Nilipitisha sumaku ya spika juu ya ardhi. Niliazima chekeche la unga kwa jirani, nikachekecha mchanga wa mlangoni kama mtu anayetafuta dhahabu. Wateja waliuliza nimepoteza nini, nikasema skrubu.

Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza. Wa pili niliusema kwa simu Jumapili iliyofuata: "Babu, ya zamani haifai kabisa, nimeshaanza kutafuta mpya." Sikutaja gololi. Ningesemaje kwamba mimi, niliyemcheka fundi wa mswaki, nimepoteza kipande ambacho yeye na mswaki wake hawakukipoteza kwa miaka kumi?

Hapo ndipo kuchagua kulipoanza, na usidanganyike, nilikuwa na sababu nzuri kila siku. Kulikuwa na kabureta mpya za kuigiza, umbo lilelile la asili, zinazokaa pale pale bila kubadilisha kitu. Niliagiza moja, nikaipima, mdomo wake ukawa mwembamba kidogo kuliko ule wa zamani, na bodi ilikuwa na vijipele vya kuyeyushwa vibaya. Nikairudisha. Kulikuwa na nyingine kubwa, ya midomo miwili, iliyotolewa kwenye gari jingine. Hiyo ingeipa landrova nguvu nyingi, ila ilihitaji bamba la kuunganishia na waya wa mafuta mrefu zaidi. Nikaagiza bamba Dar es Salaam. Likaja, matundu hayakulingana. Nikalirudisha nalo. Nilisoma maoni ya watu wa nchi nisizozijua wakibishana, nikabishana nao kichwani nikiwa natengeneza simu za watu. Septemba ikaisha.

Kila Jumapili baada ya ibada Babu alipanda kwenye mwinuko wa nyuma ya kanisa, mahali mtandao unaposhika, akanipigia na kunisalimu kwa Kigogo.

"Mbukwenyi, Injinia! Mtambo umepatikana?"

"Bado kidogo, Babu. Haraka haraka haina baraka."

"Ni kweli. Ila nikupe taarifa. Kuku wangu mweusi ameona pale ulipotoa kitu pana joto zuri. Anatagia ndani ya boneti. Mayai matano sasa. Ukichelewa, nitapeleka vifaranga Kongwa badala ya kumleta dada yangu."

Akacheka. Nami nikacheka. Jumapili iliyofuata mayai yalikuwa manane. Iliyofuata kuku alikuwa ameanza kuatamia, na Babu hakucheka sana.

Siku moja wakaniunganisha na Bibi Matilda mwenyewe. Bintiye, Mama Neema, alimshikia simu sikioni. Sauti yake ilikuwa nyembamba lakini bado ina utani.

"Wewe ndiye uliyelificha gari la kaka yangu?"

"Ndiyo, Bibi. Shikamoo. Nalitengeneza vizuri, lisikusumbue njiani."

"Marahaba. Mimi halijawahi kunisumbua. Lilipiga kelele mpaka sikusikia kilio changu mwenyewe. Nimeshafunga mzigo, baba. Njooni."

"Wiki ijayo, Bibi."

Utaniuliza kwa nini hatukukodi gari jingine. Nami nimejiuliza. Kila wiki nilisema wiki ijayo, na mtu haendi kuomba gari la jirani wakati lake linakuja kesho. Hivyo ndivyo nilivyomfungia Babu njia zote bila kumfungia hata moja kwa wazi.

Mwishoni mwa Oktoba nilikwenda gereji ya Fundi Selemani, palepale Ipagala. Ni mtu wa makamo, mwenyeji wa Kondoa, na amefungua injini nyingi kuliko simu nilizowahi kuzishika. Nilimwekea daftari langu mezani, lenye vipimo vya kabureta tatu. Akalisoma kurasa mbili, akavua miwani.

"Dogo, unachagua kabureta au mchumba?"

"Kabureta, Fundi."

"Maana kama ni mchumba ungekuwa umeshaoa, na mtoto anasoma la pili." Vijana wake wakaangua kicheko. Kisha akasema kwa upole, "Sikiliza. Gari la porini halikimbii, linavuta. Ukilipa mdomo mkubwa, likiwa taratibu kwenye mchanga litavutwa na kiu yake lenyewe, lizame kwa mafuta, lizime. Na hizi nyingine, gari likilala upande kwenye korongo, bakuli lake la petroli linamwaga. Mdomo mmoja, wa kiasi, uliozoeana na injini. Mbona jibu unalo kwenye ukurasa wa kwanza? Ya zamani iko wapi?"

Nikalifunga daftari. "Haifai."

"Hakuna ya zamani isiyofaa. Mhimili ukicheza tunautia kijiringi cha shaba. Niletee niione."

Nikasema nitaileta kesho. Sikuipeleka. Ningeipelekaje ikiwa kwenye trei, vipande vyake vyote vipo isipokuwa kimoja? Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Nilikuwa naijua methali hiyo tangu shule ya msingi, na haikunisaidia kitu.

Mvua mwaka ule ziliwahi. Wiki ya pili ya Novemba zilinyesha upande wa Kongwa siku tatu mfululizo. Siku ya nne, asubuhi ya Alhamisi, Mama Neema akanipigia mimi, kwa kuwa simu ya Babu haikupatikana. Alisema maneno mawili tu. "Bibi ametutoka."

Nilimfuata Babu Haneti, tukaenda kwa basi hadi Kongwa, kisha kwa gari lililotufikisha ukingoni mwa korongo. Maji yalikuwa yakipita kwa kishindo, mekundu. Tulikaa pale mpaka yalipopungua, ndipo kijana mmoja akamvusha Babu kwenye mkokoteni wa ng'ombe, mimi nikitembea pembeni, maji kiunoni, nimeushika ubao ili asitikisike. Nilitazama mchanga chini ya maji na kuwaza kwamba Agosti ulikuwa mkavu. Septemba ulikuwa mkavu. Oktoba yote.

Tulikuta wamekwisha kuzika. Hali ya hewa na umbali havikuwaruhusu kungoja zaidi. Mchungaji alikuwa amekwisha kuondoka, akina mama wanaosha masufuria. Babu alisimama kando ya kifusi kibichi, akainama kwa shida, akachukua udongo kiganjani. Akaushika tu. Hakuwa na mahali pa kuutupia, kaburi lilikuwa limejaa.

Ndani, Mama Neema alituletea mzigo. Kitenge kilichofungwa fundo, ndani yake gauni moja, khanga mbili, na kibuyu kidogo kitupu.

"Alisema hiki ni cha kurudia na maji ya nyumbani," alimwambia Babu. "Mzigo huu umekaa mlangoni tangu Septemba, Mjomba. Kila gari la mngurumo mzito likisikika barabarani anauliza, 'Ni Yona?' Tunasema hapana. Anasema, 'Basi atakuwa nyuma yake.'"

Babu alikichukua kibuyu, akakitia ndani ya koti. Njia yote ya kurudi hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Nilipomfikisha Haneti sikuweza tena. Nikapiga magoti mbele ya kigoda chake, nikamweleza yote: gololi, chekeche, uongo wa skrubu, kabureta na bamba nilivyovirudisha. Nililia kama mtoto. Babu alisikiliza akiitazama landrova. Kutoka kwenye boneti vifaranga vilikuwa vinachungulia.

Kisha akasema maneno ambayo ndiyo urithi wako wewe pia.

"Danieli. Nilijua gari ni bovu. Na mimi ni mbovu, unaniona. Na Matilda alikuwa mbovu. Sikukuomba gari zima. Nilikuomba gari linalokwenda."

Baadaye kidogo akaongeza, "Na gololi ungeniambia. Mimi nimeshawahi kupoteza gurudumu."

Nilirudi Ipagala, nikabeba trei yote kama ilivyo hadi kwa Fundi Selemani, nikamwambia ukweli mbele ya vijana wake. Hakuna aliyecheka. Fundi alinyoosha mkono juu ya rafu, akashusha kopo la maziwa ya unga, akalimimina juu ya meza. Zilikuwa gololi. Kubwa, ndogo, za kila namna, labda mia moja. Akatafuta kwa kidole, akachagua moja, akaidondosha kwenye tundu lake. Ikakaa.

"Hii tu?" aliuliza.

"Hiyo tu."

Akatia kijiringi cha shaba, akafunga. Tulimaliza kabla ya chakula cha mchana.

Mvua zilipokwisha, mwezi wa Mei, Babu na mimi tulikwenda Kongwa kwa landrova. Kabureta ilikuwa ileile. Ilikohoa kupanda vilima, ikatoa moshi kidogo, na kwenye korongo ikavuta mchanga taratibu bila kuzima. Babu alikaa mbele, kibuyu mapajani, kimejaa maji ya kisima cha baba yao, amekiziba kwa gunzi la mahindi. Kaburini aliyamwaga polepole, mpaka tone la mwisho. Akasema, "Matilda, nimechelewa." Kisha akanishika bega, tukarudi garini. Mwaka uliofuata naye akalala.

Ndiyo maana unaitwa Matilda.

Sasa nikuachie nasaha, mwanangu, kama alivyonipa. Ukipata gari la zamani la porini na ukaulizwa ulipe kabureta gani, lipe ya mdomo mmoja wa kiasi, iliyozoeana na injini yake, na usiifungue ya zamani mpaka mpya iko mkononi. Mchagua jembe si mkulima. Mtu akikuomba kitu, msikilize ameomba nini hasa. Usimpe ulichotaka wewe kusifiwa nacho. Bora umfikishe anayekungoja kwa gari linalokohoa kuliko umkute amezikwa ukiwa na daftari safi. Na ukikosea, nawe utakosea, maana wewe ni mtoto wangu, sema siku ileile. Gololi iliyopotea ilikuwa ndogo kama mtama. Miezi mitatu ya kuificha ndiyo iliyomchukua Bibi yako na kiu yake.

Mimi bado najifunza. Jana tu nimeifungua tena simu ya mteja kwa ajili ya skrubu moja. Lakini barua hii siisomi tena, naikunja hivi hivi.

Mungu akukuze, Matilda binti Danieli. Akupe mikono mizuri, na moyo usioona haya kwa mikono hiyo inapotetemeka. Akupe watu wanaokungoja mlangoni, na akufikishe kwao korongo likiwa bado kavu.